Uungwana wa Kurithi

Katika Kiswahili neno mwungwana lina maana mbili ambazo wenyeji wa pwani walizifunga pamoja tangu zamani. Maana ya kwanza ni ya nasaba na sheria: mwungwana ni mtu asiyekuwa mtumwa, mwenye nafsi yake, asiyeuzwa wala kununuliwa. Maana ya pili ni ya tabia: mwungwana ni mtu mwenye adabu, mkweli wa maneno, mtimizaji wa ahadi, asiyemvunjia mwenziwe heshima. Lugha ilifanya kana kwamba mambo haya mawili ni jambo moja, lakini maisha hayakubali kufungwa hivyo. Huenda mtu akazaliwa katika uungwana wa kwanza asiufikie wa pili mpaka kufa kwake. Na huenda mwingine akazaliwa utumwani, na wote wamjuao wakaona kwamba uungwana wa pili haukumpungukia hata kidogo. Swali linalotokea hapa ni la kale na halijapata jibu la kukubaliwa na watu wote. Je, uhuru waweza kurithiwa? Baba aliyeupigania aweza kumwachia mwanawe kama amwachiavyo shamba na nyumba, au humwachia jina lake tu, na kitu chenyewe kila mtu akakitafute upya?

Ni mahali pachache swali hili lilipojaribiwa kwa haraka, na kwa kelele, kama lilivyojaribiwa katika vyuo vya Marekani baada ya mapinduzi. Makoloni kumi na matatu yalitangaza uhuru wake mwaka 1776, na Uingereza ikaukubali kwa mkataba wa mwaka 1783. Vyuo tisa vilikuwapo kabla ya tangazo hilo. Cha kwanza, Harvard, kilianzishwa mwaka 1636, na cha mwisho, Dartmouth, mwaka 1769. Vita havikuviacha salama. Wanafunzi wa Harvard walihamishiwa mji wa Concord ili majengo yao yakaliwe na askari. Na huko Princeton jumba la chuo, liitwalo Nassau Hall, lilipigwa kwa mizinga katika mapigano ya tarehe 3 Januari 1777. Mkuu wa chuo hicho cha Princeton, kasisi John Witherspoon, alikuwa miongoni mwa watu waliotia saini Azimio la Uhuru. Vijana walioingia vyuoni kati ya mwaka 1790 na mwaka 1830 walikuwa wana na wajukuu wa watu kama hao. Walizaliwa huru. Mfalme hawakumjua wala askari wake hawakuwaona. Waliwasikia katika hadithi za jioni na katika hotuba za kila tarehe 4 Julai.

Siku ya kijana kama huyo ilikuwaje? Kengele ilimwamsha alfajiri, siku za baridi kama siku za joto, akaenda kusali katika kanisa la chuo huku giza halijaondoka. Baada ya sala aghalabu lilifuata somo la kwanza, kabla tumbo halijapata kitu. Somo lilikuwa kukariri. Mwalimu alikaa na kitabu chake na daftari la alama. Mwanafunzi akasimama, akatoa kwa moyo kile alichopewa jana, Kilatini au Kiyunani au hesabu, akaketi, na mwingine akasimama. Mwalimu mwenyewe mara nyingi alikuwa kijana aliyemaliza chuo juzi, akingojea kupata kanisa la kuongoza. Alilala katika jengo moja na wanafunzi, na kazi yake ya usiku ya kuwavizia ilikuwa nzito kuliko kazi yake ya mchana ya kuwafundisha. Wanafunzi wengi walikuwa na umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, na wengine walikuwa wadogo kuliko hivyo. Elimu waliyopewa iliitwa na Warumi wa kale elimu ya watu huru, yaani ile impasayo mtu asiyekuwa mtumwa. Waswahili wangeiita, bila ya kutafuta neno jipya, elimu ya waungwana.

Lakini namna ya kuwaongoza haikufanana na jina hilo. Vyuo vilikuwa na vitabu vya sheria virefu kuliko sheria za miji mingi. Kuchelewa sala kulikuwa na faini yake. Kukosa sala faini yake. Kucheza karata, kupiga kelele, kutoka bila ruhusa, kila kosa na bei yake kama bidhaa dukani. Faini hizo zililipwa na akina baba, jambo ambalo waliozitunga hawakulifikiri sana. Katika sheria za zamani za Yale mwanafunzi aliamriwa kuvua kofia akiwa umbali wa mita hamsini hivi na mkuu wa chuo, arobaini na profesa, ishirini na tano na mwalimu mdogo, ila hali ya hewa ikiwa mbaya. Mtu hujiuliza ni nani aliyekuwa akipima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa tarishi wa wale waliomtangulia, akitumwa huku na huku bila ya haki ya kukataa. Tena, katika Harvard na Yale, majina ya wanafunzi hapo kale hayakupangwa kwa alfabeti. Yalipangwa kwa cheo cha mzazi, mtoto wa mkubwa wa serikali mbele na mtoto wa mkulima nyuma. Utaratibu huu wa vyeo uliondolewa miaka michache kabla ya vita, na desturi ya kumtuma mwanafunzi mpya ikafa polepole baada yake. Basi hivi ndivyo usawa ulivyoingia vyuoni: ulipunguza daraja zilizokuwa kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, ukaiacha daraja ya mwanafunzi na mwalimu karibu kama ilivyokuwa zamani za mfalme.

Nyufa zilionekana mapema. Katika Harvard wanafunzi waliasi mwaka 1805 kwa sababu ya mkate na siagi, na mwaka 1807 kwa sababu ya kabichi zilizooza. Msomaji asifanye haraka ya kucheka. Mtu aliyelazimishwa kula katika ukumbi mmoja, chakula kilichonunuliwa kwa fedha ya baba yake lakini kisichochaguliwa na yeye wala na baba yake, ana neno la kusema kilipooza. Pengine chakula ndicho kitu pekee ambacho kijana aliweza kukilalamikia bila ya kuambiwa kwamba ujinga wake ndio unaomfanya asikipende. Hapana aliyethubutu kusema mbele ya walimu kwamba Kilatini kimeoza.

Princeton ilipata msiba mkubwa zaidi. Tarehe 6 Machi 1802 Nassau Hall iliungua, na pamoja nayo vikateketea karibu vitabu vyote vya maktaba, ambavyo vilikuwa elfu tatu hivi. Mkuu wa chuo, Samuel Stanhope Smith, aliamini kwamba wanafunzi ndio waliotia moto. Jambo hilo halikuthibitishwa, lakini baadhi yao walifukuzwa, na tangu siku ile chuo kikaishi kama nyumba ambayo baba anawashuku watoto wake wote. Mwaka 1807 wanafunzi watatu walipewa adhabu ya kuondoshwa, na wenzao wakaandika hati ya malalamiko wakiomba hukumu ile ifikiriwe tena. Walimu hawakuijadili hati ile. Walitaka kila aliyetia saini aikane, mmoja mmoja, jina lake likiitwa. Wanafunzi 125 hivi, nao walikuwa zaidi ya nusu ya chuo, walikataa, wakatoka kwa vishindo, wakajifungia ndani ya Nassau Hall na kuizuia milango. Chuo kikafungwa kwa muda. Majina ya waliosimamishwa yalipelekwa kwa vyuo vingine ili wasipokewe.

Hapa panahitaji kusimama kidogo, maana hapa ndipo baba na mwana walipotazamana. Wazee walikuwa wameandika malalamiko yao kwa mfalme kwa utaratibu, neno baada ya neno, dhuluma baada ya dhuluma; na waliposikia kwamba malalamiko hayakusomwa, waliona kwamba kifungo cha utii kimekatika. Vijana wa Princeton walifanya vile vile kwa utaratibu ule ule. Je, walikuwa wanaigiza mchezo, au walikuwa wanatumia haki? Wadhamini wa chuo walijibu kwamba ni mchezo, tena mchezo mbaya. Walikuwa na hoja, na hoja yenyewe si dhaifu: mwanafunzi si raia wa chuo, ni mgeni aliyekubali masharti alipoingia, akichoshwa nayo, mlango uko wazi. Mkoloni hakuwa na mlango wa kutokea, kwa sababu nchi ilikuwa yake.

Hoja hiyo ina tundu. Mtoto wa miaka kumi na mitano hakukubali masharti yoyote. Baba yake ndiye aliyekubali. Na mlango uliosemwa kuwa wazi ulifungwa kwa ile orodha ya majina iliyopelekwa vyuo vingine: aliyetoka kimoja kwa hasira hakupokewa na cha pili. Lakini tundu kubwa zaidi ni jingine. Wadhamini hawakuwaadhibu vijana kwa sababu malalamiko yao yalikuwa ya uwongo. Waliwaadhibu kwa sababu walilalamika pamoja. Malalamiko ya mtu mmoja yalihesabiwa kuwa ombi, na ya watu mia yalihesabiwa kuwa uasi; ilhali wazee wenyewe walikuwa wameshinda vita kwa sababu tu waliweza kusema pamoja. Mtu aliyepanda ngazi akaifuta baada ya kufika juu ana shida ya kuwaeleza walioko chini kwamba ngazi ni hatari.

Hata hivyo si haki kuwapa vijana ushindi wote. Uasi wa wazee ulikuwa na gharama ambayo kila mmoja aliijua kabla ya kutia saini, nayo ilikuwa shingo yake. Gharama ya uasi wa Nassau Hall ililipwa na mtu mwingine: baba aliyelipa karo, mjane aliyeuza ng'ombe, chuo kilichopoteza wanafunzi. Tena wazee waliposhinda walijifunga upya kwa sheria waliyoitunga wenyewe, nayo ni Katiba ya mwaka 1787. Na kujifunga huko ndiko kulikowapa haki ya kuitwa watu huru. Hapana hati ya wanafunzi wa Princeton iliyosema wangejitawalaje kama wangeachiwa lile jumba.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi jambo hili lilivyoingia hata katika nyumba za wakuu wa nchi. Mwaka 1823 Harvard iliwafukuza wanafunzi 43 kati ya 70 wa darasa la mwisho, muda mfupi kabla ya kupewa shahada zao. Mmoja wao aliitwa John Adams. Babu yake, ambaye alikuwa bado hai, alikuwa John Adams yule aliyelisukuma Azimio la Uhuru katika baraza na kuwa rais wa pili wa Marekani. Baba yake, John Quincy Adams, alikuwa wakati ule waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1825 alikuwa rais wa sita. Waziri huyo alimwandikia mkuu wa chuo akimwombea mwanawe. Hakukubaliwa. Yaweza kusemwa kwamba chuo kilionyesha hapo usawa ambao hapo kale hakikuwa nao: mtoto wa mkubwa aliangukia mahali pale pale alipoangukia mtoto wa mkulima. Yaweza pia kusemwa kwamba kijana yule ndiye aliyelifuata jina la babu yake kuliko wote. Semi zote mbili ni za kweli, na hapo ndipo penye ugumu.

Wakati huo huo walikuwapo vijana wengine, nao hawatajwi sana katika habari za maasi kwa sababu hawakuwa na nafasi ya kuasi. Chuo Kikuu cha North Carolina kilipofunguliwa mwaka 1795 mwanafunzi wake wa kwanza, Hinton James, husimuliwa kuwa alikuja kwa miguu kutoka upande wa Wilmington, mwendo wa siku nyingi, akakaa kiasi cha wiki mbili akiwa mwanafunzi pekee na walimu wake. Daniel Webster, mtoto wa mkulima wa New Hampshire ambaye baba yake alipigana vitani, alimaliza Dartmouth mwaka 1801. Kisha akaenda kufundisha shule katika kijiji cha Fryeburg, na jioni akanakili hati za mashamba kwa ujira, ili ndugu yake Ezekiel apate kumaliza chuo kile kile. Katika vyuo vya kaskazini walikuwa wengi wa namna hii, wakifundisha vijijini miezi ya baridi na kurudi darasani miezi mingine. Kwao uhuru haukuwa kutovua kofia. Ulikuwa ni kuondoka katika shamba lenye mawe na kuwa mtu mwingine, na kila saa waliyopoteza ilikuwa na bei walioijua wenyewe. Hapana shaka waliiona kabichi kuwa mbovu kama wengine walivyoiona, waliila.

Mtu aliyejaribu kulitatua fumbo hili kwa makusudi alikuwa Thomas Jefferson, mwandishi wa Azimio lenyewe. Mwaka 1787, alipokuwa balozi Paris na habari za uasi wa wakulima wa Massachusetts zikamfikia, aliwaandikia rafiki zake kwamba uasi mdogo mara kwa mara ni jambo jema kwa nchi. Alipofika uzeeni aliunda Chuo Kikuu cha Virginia, kilichopewa hati mwaka 1819 na kufunguliwa mwezi wa Machi 1825, akakipanga kinyume cha vyuo vyote vilivyokuwapo. Sala ya lazima hakuiweka. Mwanafunzi alichagua masomo ayatakayo. Sheria zilikuwa chache, na makosa ya vijana yangehukumiwa na vijana wenyewe kwa uaminifu wao. Mzee aliamini kwamba ukimtendea kijana kama mwungwana atakuwa mwungwana.

Haukupita mwaka. Usiku wa tarehe 1 Oktoba 1825 wanafunzi waliojifunika nyuso walitoka katika viwanja vya chuo wakipiga kelele dhidi ya maprofesa waliotoka Ulaya. Maprofesa wawili walijaribu kuwakamata, wakatupiwa matofali. Kesho yake wanafunzi 65 walitia saini tamko la kukataa kuwataja wenzao, wakawalaumu walimu kwa kuwashika wenzao usiku. Uaminifu ambao Jefferson aliutegemea ulikuwapo. Ila ulielekea upande mwingine. Vijana walikuwa waaminifu kwa wenzao, na kwa sababu hiyo hiyo hawakuweza kuwa waaminifu kwa sheria.

Tarehe 3 Oktoba wanafunzi wote waliitwa mbele ya baraza la chuo. Jefferson, mwenye umri wa miaka 82, aliketi mezani pamoja na James Madison na wajumbe wengine. Alisimama, akasema kwamba siku ile ilikuwa mojawapo ya siku za uchungu mkubwa katika maisha yake, kisha machozi yakamshika asiweze kuendelea. Mjumbe mwingine alichukua neno. Ndipo waliohusika wakajitokeza mmoja baada ya mwingine na kutaja majina yao. Watatu walifukuzwa, na mmoja wao alikuwa jamaa yake Jefferson mwenyewe.

Tukio hili limesimuliwa mara nyingi kama ushindi wa heshima juu ya ukaidi, na lina uzuri wake. Sheria haikuwafungua vijana midomo, wala tishio, bali machozi ya mzee. Lakini mtu akilipima kwa utulivu ataona mambo mawili. La kwanza ni kwamba hawakumtaja mtu. Kila mmoja alijitaja mwenyewe. Kiapo chao cha kutosema habari za wenzao kilibaki kizima, na juu yake wakaongeza ukweli kuhusu nafsi zao. Huenda huo ndio utatuzi bora kuliko wote uliopatikana katika vyuo vile katika miaka arobaini ya maasi, nao haukutungwa na baraza lolote. La pili ni kwamba machozi hayawezi kuandikwa katika kitabu cha sheria. Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826, miaka hamsini kamili baada ya Azimio lake, na chuo kikarudi katika njia ya vyuo vingine: vijana wakaamriwa kuamka alfajiri na kuvaa sare.

Ila kuna jambo ambalo machozi ya siku ile hayakuligusa, nalo ndilo zito kuliko mengine. Chuo kile kilijengwa kwa mikono ya watumwa. Watumwa walifyatua matofali, walichimba misingi, na chuo kilipofunguliwa walichota maji, waliwasha moto katika vyumba vya wanafunzi, walipangusa viatu vyao. Jefferson alimiliki katika maisha yake watu zaidi ya mia sita. Naye hakuwa mjinga wa madhara. Katika kitabu chake juu ya jimbo la Virginia, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1785, alieleza waziwazi jinsi mtoto wa bwana anavyomtazama baba yake akimkasirikia mtumwa, akaiga ghadhabu ile, akaitumia kwa watoto wadogo wa watumwa, na hivyo akalelewa na kuzoezwa kila siku katika udhalimu. Waswahili wamesema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Jefferson alisema hayo kwa maneno yake, kisha miaka arobaini baadaye akawakusanya watoto wale wale waliokua hivyo, akawapa sheria chache, na akashangaa.

Kwa hiyo kijana wa Virginia aliyekataa kumtii profesa hakuwa amejifunza kukataa kutoka katika Azimio la Uhuru peke yake. Alijifunza nyumbani kwamba mtu anayeamriwa ni mtumwa, na mtu asiyekuwa mtumwa haamriwi. Mbele ya macho yake kulikuwa na namna moja tu ya utii, nayo ilikuwa ya aibu. Tena dhambi hii haikuwa ya kusini tu. Witherspoon wa Princeton, aliyetia saini Azimio, naye alimiliki watumwa. Vyama vya wanafunzi vya mijadala, ambavyo vilikuwa fahari ya vyuo na vyenye maktaba zao wenyewe, vililiweka suala la utumwa mezani mara nyingi, wapande hawa wakisema ni haki na wapande wale wakisema si haki, kwa ufasaha, kwa mifano ya Kirumi, kisha kura ikapigwa. Kulijadili jambo si kulikata. Walijifunza kusema vizuri juu ya uhuru wa mtu aliyekuwa nje ya mlango akingojea kufagia.

Basi, kama kuna majaribio ya kweli ya lile swali la kwanza, yako kwa watu ambao hawakurithi kitu. Mwaka 1823, mwaka ule ule mjukuu wa John Adams alipofukuzwa Harvard, Alexander Twilight alipata shahada yake katika chuo cha Middlebury huko Vermont. Naye ndiye mtu wa kwanza wa asili ya Kiafrika ajulikanaye kupata shahada ya chuo cha Marekani. Utotoni alitumikia shamba la jirani kwa mkataba, na muda uliobaki wa mkataba ule aliununua mwenyewe. Mwaka 1826 walihitimu wengine wawili. Edward Jones alimaliza Amherst, akaenda Sierra Leone, akawa mkuu wa chuo cha Fourah Bay. John Russwurm, mzaliwa wa Jamaica, alimaliza Bowdoin. Na siku ya mahafali alipopewa nafasi ya kuhutubu alisema juu ya Haiti, nchi ambayo watumwa wake waliuchukua uhuru kwa mikono yao. Mwaka uliofuata alishirikiana na Samuel Cornish kutoa gazeti la kwanza lililomilikiwa na Waafrika wa Marekani, kisha akahamia Liberia. Vijana waliomsikiliza siku ile katika mji wa Brunswick walikuwa wamesikia hotuba nyingi juu ya mapinduzi, na yamkini hawakuwahi kuisikia hata moja kutoka kwa mtu ambaye neno lile lilikuwa bado ni kazi mbele yake.

Virginia iliendelea na maasi yake. Usiku wa tarehe 12 Novemba 1840 profesa wa sheria, John A. G. Davis, alitoka nje ya nyumba yake kutuliza ghasia, akajaribu kumfunua uso mwanafunzi aliyejifunika, akapigwa risasi. Aliishi siku mbili. Husimuliwa kwamba alimjua aliyempiga na akakataa kumtaja, akisema kwamba mtu mwenye heshima atajitokeza mwenyewe. Hakujitokeza. Safari hii wanafunzi hawakusubiri kuona machozi: walisaidia kumtafuta mwenzao mpaka akakamatwa. Mwaka 1842 chuo kikaanzisha kiapo cha heshima, nacho kikadumu. Kila mwanafunzi alitia saini kwamba hakupata msaada wowote katika mtihani. Juu ya mambo mengine kiapo kile kilinyamaza.

Katika miaka ile alikuwa akikua Henry Martin, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alizaliwa mtumwa huko Monticello, nyumbani kwa Jefferson, tarehe 4 Julai 1826, siku aliyokufa bwana wa nyumba. Baada ya vita vya mwaka 1861 hadi 1865 alikuwa mtu huru, na kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1909, yeye ndiye aliyepiga kengele ya chuo kile kuwaamsha wanafunzi. Jengo kuu lilipoungua tarehe 27 Oktoba 1895 alikuwa yeye tena aliyeipiga kengele watu wakaja.